Bunduki ya vita haiko ya kuwinda

Kila kiangazi, wakati pori linachomwa, mabishano ni yale yale hapa Kamina: kwa kumuangusha swala, bunduki gani ndiyo ya kweli? Vijana wanajibu haraka: "Kalashi! Inafika mbali, inapiga mingi." Wazee wananyamaza. Mimi sitanyamaza, maana ni uongo.

Tuanze na risasi yenyewe. Masasi ya Kalashi, kalibre 7,62, yalifanyiwa vita. Tangu mapatano ya La Haye ya mwaka 1899, mataifa yalikatazana kutumia vitani risasi yenye kupanuka katika mwili wa mtu. Njo maana risasi ya askari imevikwa chuma kigumu: inaingia huku, inatokea kule. Risasi ya muwindaji iko na ncha laini, inafunguka ndani na kuua upesi. Swala mwenye kutobolewa na Kalashi mara mingi anakimbia, anajificha kichakani, anakufia mbali. Fisi ndiye anakula. Kijana anapiga mwingine. Wawili wamekufa, mmoja tu ndiye alifika kwenye chungu. Hayo munaita maendeleo?

Watasema: kalibre 12 haifiki mbali. Kweli. Ikiwa na chevrotine inafaa mpaka metre 30 ao 40. Kisha pale vidonge vinatawanyika na kujeruhi tu. Lakini njo uzuri wake. Inakulazimisha ujue upepo, utembee polepole, ukaribie mpaka uone: huyu ni dume, yule ana mimba. Kwa kabuluku, vidonge vidogo vinatosha. Na wale swala wakubwa wa kilo 200 na zaidi wanaomba karabini nzito ya kuwindia. Mwenye hana, amuache mnyama apite. Hakuna haya ndani yake.

Sisi Baluba tunasema ufalme wetu ulitoka kwa muwindaji, Mbidi Kiluwe. Alikuja na upinde na adabu. Kwa sababu yake wafalme walitunza kati ya vitu vyao vitakatifu nguzo ya kuchongwa ya kuwekea upinde na mishale. Hawakuheshimu nguvu ya kuua tu. Waliheshimu mtu mwenye kujua kukaribia, na kujua kuacha.

Vita vya miaka ya 2000 viliacha silaha za askari porini. Parki ya Upemba, iliyoundwa mwaka 1939, imelipa sana. Sheria ya kuwinda ya tarehe 28 Mei 1982 inaomba permi, lakini sheria haitembei peke yake usiku porini. Sisi wazazi ndio tunapokea nyama mlangoni.

Basi, mzee mwenye kupokea nyama ya Kalashi bila kuuliza, kesho asilalamike kama pori liko tupu. Tusiinunue. Tusiipike. Kama sivyo, wajukuu wetu watamjua swala kwa picha ya kitabu tu, na jina la Mbidi Kiluwe litabaki neno bila maana.