Aliyekurupuka si Mtoto

Katika maelezo ya ajali za barabarani nchini Tanzania kuna kitenzi kimoja ambacho kimebebeshwa mzigo mkubwa kuliko uwezo wake, nacho ni kukurupuka. Mtoto anapogongwa kando ya barabara kuu inayopita Samuye kati ya Tinde na Shinyanga mjini, au mbele ya vibanda vya wachimbaji wadogo mkoani Geita, habari ya kwanza kuwafikia wazazi, kisha askari wa usalama barabarani, na hatimaye waombolezaji msibani, ni kwamba mtoto alikurupuka, yaani aliingia barabarani ghafla bila kuangalia, na dereva hakuwa na namna. Juu ya kitenzi hicho imejengwa imani inayoshikiliwa na watu wengi wenye nia njema, wakiwemo walimu, viongozi wa dini na watendaji wa serikali, kwamba watoto hufa barabarani kwa sababu hawajui kuitumia barabara, na kwamba dawa yake ni kuwapa elimu. Imani hiyo ni potofu, na kwa kuwa ndiyo inayoamua fedha ziende wapi na nani aulizwe maswali, upotofu wake hulipiwa kwa uhai wa watoto.

Ushahidi wa kwanza dhidi yake umo ndani ya jicho la mtoto mwenyewe. Mwanafunzi wa Tanzania hufundishwa kuangalia kulia, kushoto, kisha kulia tena kabla ya kuvuka, kwa kuwa magari hupita upande wa kushoto na la kwanza kumfikia hutokea kulia. Kanuni hiyo hudhani kwamba anayeangalia ataona. Ubongo wa binadamu hutambua kuwa kitu kinakaribia kwa kupima jinsi taswira yake inavyokua ndani ya jicho, na uwezo huo hukomaa polepole kadiri umri unavyosonga. Watafiti wa Royal Holloway, Chuo Kikuu cha London, wakiongozwa na John Wann, walipowapima watoto wa shule za msingi na kuchapisha matokeo yao mwaka 2011, walibaini kwamba watoto hao hawawezi kulitambua kwa uhakika gari linalowajia kwa mwendo unaozidi takriban kilomita 32 kwa saa. Kwa mtoto wa darasa la pili, basi lililo mbali na linalokuja kwa kilomita 80 kwa saa linaweza kuonekana kana kwamba limesimama. Mtoto huyo anaweza kuangalia kulia, kushoto na kulia tena, akatii kila neno la mwalimu wake, akavuka, na akafa. Nao walioshuhudia, ambao macho yao ya utu uzima yaliliona basi hilo waziwazi, wataapa kwamba hakuangalia.

Jambo hili si geni kwa wataalamu. Mwanasaikolojia wa Sweden, Stina Sandels, aliyechunguza watoto barabarani katika miaka ya 1960, alihitimisha kwamba hakuna mafunzo yanayoweza kumfanya mtoto mdogo aendane kikamilifu na mazingira yenye magari. Mwaka 2002 Olivier Duperrex na wenzake walikusanya majaribio 15 ya elimu ya usalama kwa waenda kwa miguu, ambamo washiriki waligawanywa kwa nasibu, baadhi wakafundishwa na wengine wasifundishwe ili matokeo yalinganishwe. Walikuta kwamba elimu inaweza kuongeza maarifa na pengine kubadili namna mtoto anavyovuka akiwa anatazamwa, lakini hapakuwa na jaribio hata moja lililopima kama ilipunguza idadi ya wanaojeruhiwa, wala hapakuwa na lililofanyika katika nchi za kipato cha chini au cha kati. Dawa inayotajwa katika kila hotuba ya Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani ilikuwa, hadi wakati huo, haijathibitishwa kwamba inaponya.

Kusema hivyo si kudai kwamba watoto wasifundishwe. Mtoto hufundishwa kuogopa moto, nyoka na maji ya bwawa, na barabara nayo ina haki ya kuwemo katika orodha hiyo. Lakini shimo la mgodi linapoachwa wazi karibu na makazi, wananchi hudai lifukiwe au lizungushiwe uzio. Hakuna anayesimama kwenye mkutano wa kijiji na kupendekeza semina ya kuwafundisha watoto namna ya kutembea ukingoni mwa shimo.

Hatari yenyewe inapimika. Umbali wa kusimama ni urefu ambao gari husafiri tangu dereva aone kitu mbele yake mpaka gari lisimame kabisa, nao una sehemu mbili: urefu unaopitwa dereva akiwa bado anatambua anachokiona, na urefu unaopitwa baada ya breki kushika. Kwa dereva makini anayehitaji sekunde moja ya kutambua, akiwa na breki nzima kwenye lami kavu, gari linalokwenda kilomita 30 kwa saa husimama ndani ya mita 13 hivi, la kilomita 50 ndani ya mita 28, na la kilomita 80 ndani ya mita 57. Maana yake ni kwamba pale ambapo gari la kilomita 30 limeshasimama, dereva wa kilomita 50 ndiyo kwanza mguu wake unafika kwenye breki. Na pale ambapo gari la kilomita 50 limeshasimama, lile la kilomita 80 bado lina mwendo wa zaidi ya kilomita 70 kwa saa. Mtoto ni yuleyule, kosa lake, kama ni kosa, ni lilelile, lakini katika hali moja anarudi nyumbani akiwa ametetemeka, na katika nyingine anazikwa. Kinachotofautisha hali hizo mbili ni mwendo wa gari, na mwendo huo ulichaguliwa na mtu mzima. Lori la tani 30 lenye breki chovu halifikii hata hesabu hizo za upole.

Hapa huibuka hoja ya pili, inayosemwa zaidi na wenye magari, kwamba lawama ni za wanakijiji walioifuata barabara na kujenga kando yake. Hoja hiyo husahau historia ya mkoa wa Shinyanga wenyewe. Mwaka 1974, wakati wa operesheni ya kuwahamishia watu vijijini, kaya za Shinyanga zilizokuwa zimetawanyika kwenye mashamba na malisho yao zilikusanywa kwa amri katika vijiji, na vingi katika vijiji hivyo vilipangwa kando ya barabara ili huduma za serikali zifike kwa urahisi. Elimu ya msingi kwa wote ilipotangazwa kuanza mwaka 1977, shule zilijengwa pale watu walipowekwa. Barabara ya wakati huo ilikuwa ya vumbi na makorongo, ambayo lori lenyewe lililazimika kuipita kwa kunyata. Baadaye ikaja lami, na mwendo ukapanda. Shule, kisima na mnada vikabaki palepale. Ni haki kusema, basi, kwamba katika sehemu kubwa ya mkoa huo aliyekurupuka ni gari, lililoingia kwa kasi ndani ya kijiji kilichokuwapo, na mtoto hakuondoka mahali pake.

Mahali hapo ana shughuli za kila siku zisizokwepeka. Mtoto wa Samuye huvuka barabara kupeleka ng'ombe malishoni, kuteka maji, kufuata chumvi dukani na kwenda shule, na wakati mwingine huvuka akiwa amembeba mdogo wake mgongoni. Kumlaumu mzazi wake kwamba hakumshika mkono ni kumtaka mama aliyeko shambani tangu alfajiri awe mahali pawili kwa wakati mmoja.

Ajabu ni kwamba ukanda huu wa dhahabu wa Shinyanga na Geita unaifahamu kanuni sahihi kuliko sehemu nyingi za nchi, kwa sababu migodi yake mikubwa huitumia kila siku. Wataalamu wa usalama kazini huiita ngazi ya udhibiti wa hatari: kwanza ondoa hatari yenyewe, ikishindikana, punguza ukali wake, kisha weka kizuizi kati yake na mtu, baada ya hapo ndipo yafuate maelekezo na mafunzo, na mwisho kabisa kofia ngumu na fulana inayong'aa. Ndani ya uzio wa mgodi dereva huwekewa kikomo kidogo cha mwendo, waenda kwa miguu hutengewa njia yao, na mtu mzima mwenye cheti na miaka ya uzoefu hachukuliwi kuwa amekingwa kwa kufundishwa tu. Nje ya uzio huohuo, mbele ya shule ya msingi, ngazi hiyo hupinduliwa miguu juu, na mtoto wa miaka saba ndiye anayeambiwa awe mwangalifu. Hakuna mantiki yoyote inayoweza kueleza kwa nini fundi mitambo alindwe kwa ukuta na mtoto alindwe kwa wimbo.

Vijana nao wana fungu lao katika hesabu hii. Shirika la Afya Duniani limeonyesha kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watu wenye umri wa miaka 5 hadi 29, zikizidi ugonjwa wowote mmoja. Tangu shule za sekondari za kata zilipoenea katika miaka ya 2000, na ada kufutwa mpaka kidato cha nne kuanzia mwaka 2016, maelfu ya vijana wa Shinyanga na Geita ambao zamani wangebaki nyumbani wanatembea kilomita kadhaa kila siku, mara nyingi giza likiwa bado halijapasuka, kwenye ukingo wa barabara usio na njia ya miguu. Hayo ni mafanikio makubwa ya elimu ambayo barabara haikuyapangia nafasi. Kijana anayeona njia ni ndefu hupanda bodaboda pamoja na wenzake wawili, bila kofia. Na hata huyo, akianguka, ataambiwa alikosa elimu, ilhali kilichokosekana ni basi la wanafunzi.

Watetezi wa mwendo hujibu kwamba matuta na vikomo vinachelewesha uchumi, na kwamba mizigo ya Mwanza, Rwanda na Burundi haiwezi kusubiri. Dai hilo linastahili kupigiwa hesabu. Kilomita moja ya kijiji hupitwa kwa sekunde 45 kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, na kwa sekunde 120 kwa mwendo wa kilomita 30. Tofauti ni sekunde 75. Lori likipita vijiji kumi vya namna hiyo litakuwa limechelewa dakika 12 na nusu, katika safari ya kutoka Dar es Salaam inayozidi kilomita 1,000, ambamo dereva anaweza kutumia muda mrefu kuliko huo kusubiri kwenye mizani moja tu.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 tayari inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na Azimio la Stockholm la Februari 2020 liliyataka mataifa yashuke mpaka 30 pale watu na magari wanapochanganyika. Lakini kibao peke yake hakitoshi, na kila abiria anajua sababu: madereva hupeana taa kuonyana kwamba mbele kuna tochi ya kupimia mwendo, hupunguza mwendo mbele ya askari, na baada ya hapo huwapita watoto kwa kasi ileile. Tuta halipewi taarifa, halichoki na haliendi likizo.

Uthibitisho hauhitaji kutafutwa mbali. Jijini Dar es Salaam shirika la Amend lilizunguka shule za msingi zilizoandamwa na ajali, likajenga matuta, vivuko na njia za miguu, likahamisha baadhi ya mageti ya shule mbali na magari, na likaongeza mafunzo kwa wanafunzi juu ya kazi hiyo, si badala yake. Tathmini iliyolinganisha shule zilizorekebishwa na ambazo zilikuwa bado hazijaguswa ilionyesha kwamba majeruhi walipungua kwa asilimia 26, na mwaka 2019 mradi huo ukashinda tuzo ya kimataifa ya miji ya World Resources Institute. Hata mbali na hapa, Uholanzi, ambayo leo husifiwa kwa watoto wake wanaoendesha baiskeli kwenda shule, ilipoteza watoto zaidi ya 400 barabarani katika mwaka 1971 pekee. Wazazi wake hawakuishia kuwafundisha watoto kuvuka. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 waliunda vuguvugu walilolipa jina lenye maana ya Komesheni Mauaji ya Watoto, wakafunga mitaa, wakadai barabara ibadilishwe, na ikabadilishwa.

Kinachodaiwa kwa Samuye na vijiji vya mfano wake ni kidogo na kinajulikana: kikomo cha kilomita 30 mbele ya kila shule, kivuko kilichoinuliwa, ambacho ni tuta pana lenye alama za kuvukia juu yake, na njia ya miguu iliyotengwa na lami. Barabara kuu na za mikoa ni za Wakala wa Barabara, TANROADS, na za wilaya ni za Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, hivyo mwenye jukumu anajulikana kwa jina na anwani. Kwa vijiji vya migodi fedha nazo zina mlango, kwa kuwa Sheria ya Madini, baada ya marekebisho ya mwaka 2017, inazitaka kampuni za madini ziandae kila mwaka mpango wa wajibu wa kampuni kwa jamii, unaokubaliwa pamoja na halmashauri; njia ya miguu inafaa kuwamo humo kuliko sherehe yoyote. Polisi, kwa upande wao, waandike katika kila taarifa ya mtoto aliyegongwa mwendo wa gari na urefu wa alama za breki kabla ya kuandika alichofanya mtoto.

Kamati za shule zisisubiri msiba. Zipime kwa futi kamba kutoka geti hadi lami, zihesabu watoto wanaovuka asubuhi moja, ziandike idadi hiyo katika barua kwa meneja wa TANROADS wa mkoa zikidai kivuko na tuta, na nakala yenye mhuri wa kupokelewa na tarehe yake ibaki katika jalada la mwalimu mkuu.