Bunduki ya Tech Noir
Juma hili nimeangalia Terminator mara mbili, na nusura nigombane na jirani. Filamu hiyo ya James Cameron ilitoka 1984 ikiwa na sauti ya mono: risasi, maneno na muziki vyote vimebanana katika mkondo mmoja. DVD ya 2001 ikaja na miksi mpya ya 5.1, na mafundi hawakuishia kutawanya sauti chumbani. Milio mingi ya bunduki waliibadilisha kabisa. Sikiliza pale klabuni Tech Noir, Arnold Schwarzenegger anapomlenga Sarah Connor. Kwenye mono, bunduki iliyokatwa mtutu ya Reese, anayemlinda Sarah, inabweka, kavu na fupi, kama mtu kabamiza mlango wa bati. Kwenye miksi mpya inanguruma, besi inatikisa vikombe kabatini, lakini mlio wenyewe ungeweza kuusikia katika filamu yoyote ya siku hizi. Sikatai, vinanda vya Brad Fiedel vinapumua vizuri zaidi vikipewa kushoto na kulia. Hapo nawavulia kofia. Na DVD ile angalau iliiacha mono kwenye menyu, mtu ukachagua mwenyewe. Blu-ray ya 2006 ikaja na picha safi zaidi, mono haimo. Ndiyo maana ile DVD yangu, yenye mikwaruzo na jalada lililopasuka pembeni, simwazimi mtu, hata shemeji aliyeniletea spika ninazosikilizia.