Kazi ya Sanaa Haijielezi Yenyewe

Kuna msemo unaotembea Bukavu kila maonyesho ya sanaa yanapofunguliwa, iwe ukumbini Ibanda au katika ua wa vijana kule Kadutu: kazi nzuri inajieleza yenyewe. Wasanii wanausema kwa fahari. Waandaaji wanausema pesa zinapopungua. Wafadhili wanaupenda kwa sababu unafuta mstari mmoja wa bajeti, mstari wa yule anayesimama mbele ya mchoro na kuzungumza na wageni. Msemo huu ni uongo, na hapa Kivu Kusini ni uongo mara mbili, maana unakanusha namna sanaa ilivyoishi katika ardhi hii kabla ya makumbusho yoyote kujengwa.

Watazameni Walega wa Mwenga na Shabunda. Sanamu zao ndogo za pembe za ndovu na vinyago vyao vya mbao leo vimo katika makumbusho ya Tervuren karibu na Brussels, vimo pia Metropolitan Museum kule New York. Katika chama cha Bwami, kilichowapandisha wanaume na wake zao ngazi baada ya ngazi, vitu hivi havikuachwa viseme peke yake. Kitu kilitolewa kikapuni, kikawekwa mbele ya anayefundwa, mwalimu akaimba methali, akacheza nacho, na wenzake wakaitikia. Daniel Biebuyck, Mbelgiji aliyewatafiti Walega miaka ya 1950 akiwa mtumishi wa IRSAC, taasisi ya utafiti ileile iliyojenga kituo cha Lwiro, alieleza katika kitabu chake cha 1973 kwamba umbo la kitu halitoshi kukufunulia maana yake. Sanamu moja ilibeba methali hii katika sherehe hii, na methali nyingine katika sherehe ile. Mchukue Sakimatwematwe, sanamu ya vichwa vingi. Asiyefundwa ataona zimwi. Aliyefundwa aliona mzee mwenye hekima, anayetazama pande zote kabla ya kutoa neno.

Serikali ya kikoloni ilipiga Bwami marufuku mwaka 1948. Haikuwa na haja ya kuchoma kila sanamu. Kumnyamazisha mwalimu kulitosha. Vitu vikauzwa, vikavuka bahari, vikawekwa katika makabati ya kioo yenye taa, na wajuzi wa Ulaya wakasifu ulaini wa pembe na mkato wa macho. Walichokuwa wakikisifu ni nusu ya kitu. Nusu nyingine ilikuwa katika kinywa cha mtu aliyebaki huku nyumbani, amekatazwa kusema.

Najua jibu linalokuja: hiyo ilikuwa sanaa ya mafundisho na siri, ya leo ni huru, kila mtu aitazame apendavyo. Huru kwa nani? Freddy Tsimba wa Kinshasa huunganisha maganda ya risasi kwa moto mpaka yanakuwa mwili wa binadamu. Aliyesoma Chuo cha Sanaa cha Kinshasa anajua pa kuanzia mbele ya kazi kama hiyo: amefundishwa kwamba malighafi nayo inasema. Mama anayeuza samaki wa sambaza soko la Kadutu anaijua risasi kuliko msimamizi yeyote wa maonyesho. Ameisikia usiku, huenda imemzikisha mtu wake. Ana neno ambalo msanii mwenyewe angelihitaji, na hakuna anayemwuliza. Akiingia anakuta kimya, kikaratasi cha Kifaransa kilichojaa maneno ya chuoni, na vijana wanaopigana picha. Anatoka akiamini kwamba yeye ndiye aliyepungukiwa. Kazi ya sanaa inajieleza kwa wale waliokwisha kuelezwa. Wengine inawafungia mlango, kisha tunawalaumu kwamba hawapendi sanaa.

Wasanii wana hoja moja ya kweli, nami naikubali. Yupo mwongoza wageni anayeua kazi. Anakariri jina, mwaka wa kuzaliwa, vipimo na miji ambako msanii amewahi kuonyesha, halafu anamaliza kwa kusema maana yake ni hii. Wanafunzi wanaandika daftarini, wanaondoka. Hawajatazama kitu. Lakini dawa ya mwalimu mbaya ni kumpata mwalimu mzuri, na kazi hii inafundishika. Philip Yenawine, aliyeongoza idara ya elimu ya jumba la makumbusho la MoMA huko New York miaka ya 1980, aligundua kwamba wageni walifurahia maelezo ya waongozaji wake na karibu hawakubaki na chochote. Yeye na mwanasaikolojia Abigail Housen wakatengeneza njia ya maswali matatu: hapa kunatokea nini? Umeona nini kinachokufanya useme hivyo? Tunaweza kuona nini tena? Swali la pili ndilo lenye nguvu, kwa sababu linamrudisha mgeni kwenye kazi yenyewe, atafute ushahidi kwa macho yake.

Mimi ningeongeza kitu ambacho mwalimu wa Bwami alikuwa nacho: kujua methali, na kujua saa ya kuitoa. Mwongozaji asiyejua maganda yale ya risasi yametoka wapi atauliza maswali matupu. Anayejua na akakimbilia kusema atamnyima mgeni nafasi ya kufikiri. Na mji wetu unadai zaidi ya hayo. Huu ni mji wa hospitali ya Panzi, inayowatibu wanawake waliojeruhiwa vitani, mji ambao waasi wa M23 waliuingia Februari 2025. Picha ya mwanamke aliyejeruhiwa inaweza kutazamwa na mwanamke aliyejeruhiwa. Mwongozaji lazima ajue kunyamaza, kumpisha mtu atoke nje, kumlinda dhidi ya swali la mgeni mwingine. Tena afanye hivyo kwa Kiswahili, kwa Mashi na kwa Kifaransa, saa moja na mwanafunzi wa Bagira, saa inayofuata na profesa. Kazi hiyo ndiyo anayopewa kijana yeyote asubuhi ya ufunguzi, alipwe soda.

Hatukosi pa kuanzia. Kuna ISP, chuo kinacholea walimu wa shule zetu. Kuna makumbusho ya wamisionari Wasaveriani yenye vitu vya mkoa huu, na Lwiro haiko mbali. Wazee wanaokumbuka mafundisho ya vitu hivyo hawatatungoja milele. ISP ifungue somo la kuongoza wageni wa makumbusho na maonyesho, wazee hao waalikwe kufundisha ndani yake. Enyi wasanii, kaeni na mwongozaji wiki moja kabla ya ufunguzi, mbele ya kazi zenu, mjibu hata maswali yanayowaudhi. Enyi waandaaji, kabla ya kuchapa kadi za mwaliko, ajirini waongozaji wawili na kuwalipa kama mnavyomlipa mwenye vyombo vya muziki. Mfadhili akiuliza mstari huo wa bajeti ni wa nini, mwambieni ni mshahara, na msikubali ufutwe.