Mleteni Mhadzabe Pasiansi, Akiwa Mwalimu

Chuo cha Taaluma ya Wanyamapori kipo hapa Pasiansi, Mwanza, tangu 1966. Kinafunza askari wanyamapori: uhifadhi, himasheria, kufuata nyayo za jangili. Na katika nchi hii hii wapo watu wanaosoma nyayo kabla ya kuona herufi, lakini kufika chuoni hapo kwao ni muujiza.

Nawazungumzia Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, kuanzia Karatu na Mbulu hadi kwa jirani zetu wa Meatu. Hawafiki 2,000. Mwindaji wao hupiga mluzi, ndege wa asali akaitika na kumwongoza hadi penye nyuki. Alama za kwato na unyasi uliolala humwambia mnyama gani kapita, lini, na kama kajeruhiwa.

Sasa itazameni njia tuliyompa mwanawe. Nyumbani anaongea Kihadzabe, lugha isiyo na ndugu popote duniani. Darasa la kwanza anakutana na Kiswahili, mara nyingi katika shule ya bweni, mbali na mama yake. Akivumilia hadi sekondari, anageuziwa Kiingereza. Akifeli kidato cha nne, chuo hakimpokei. Akitoroka bweni, tunatangaza kwamba Wahadzabe hawapendi shule. Huo ni uzushi, na tunaueneza ili tusijiulize lolote.

Kisha aliyefaulu mtihani ule anavaa sare, anamkuta aliyefeli porini na upinde wake, anamwita jangili!

Kiswahili kimetuunganisha, na sitakubali kibezwe. Lakini umoja gani huu unaomtaka mmoja aache kila alichonacho, na wengine wasijifunze hata salamu yake? Tangu miaka ya 1960, serikali ilipowakusanya Yaeda, huko Mbulu, ili walime, agizo ni lile lile: wabadilike wao.

Nadai mambo mawili. Kwanza, madarasa ya mwanzo ya Yaeda, na ya Mang'ola kule Karatu, yapate walimu wanaojua Kihadzabe. Pili, Wizara ya Maliasili na Utalii iwaajiri wazee wa Kihadzabe wafundishe nyayo Pasiansi, kwa mshahara wa mkufunzi, na itenge nafasi kwa vijana wao wanaopimwa porini badala ya kwa cheti. Anayekataa atueleze ni mkufunzi gani mwingine nchini anayelijua pori kuwashinda.