Kiranga na Sanaa Tunayoiita ya Kigeni

Husemwa mara kwa mara hapa Bujumbura, katika baraza za Buyenzi na hata juu ya mimbari, ya kwamba sanaa inayowahusu watu ambao mapenzi yao au jinsia yao haiwiani na mazoea ya walio wengi ni mambo yaliyoletwa na Wazungu. Nami nauona usemi huo kuwa ni dhuluma kwa tarehe ya nchi yetu, kama ulivyo dhuluma kwa watu wenyewe.

Kwani kabla Mapadri Weupe hawajajenga misheni zao mwishoni mwa karne ya 19, wazee wetu walikuwa na ibada ya kubandwa, ambamo mwanamke aliyepandwa na Kiranga, roho mkuu aliyekuwa mpatanishi baina ya waja na Imana, yaani Mungu, alivaa mavazi ya kiume, akashika mkuki, akaketi juu ya kigoda ambacho siku nyingine asingethubutu kukikalia, na wanaume waliohudhuria wakamtii kwa taadhima kama wanavyomtii Kiranga mwenyewe. Sidai kwamba mwanamke yule alikuwa sawasawa na hawa tunaobishana juu yao leo. Nasema kwamba wahenga walikubali kuwa roho haifungwi na umbo la mwili, na hawakuona haya kulidhihirisha jambo hilo kwa vazi na kwa wimbo.

Na leo wapo wasanii wa kwetu Afrika wanaoufuata mwendo huo. Leilah Babirye, mchongaji aliyezaliwa Kampala mwaka 1985, aliihama Uganda mwaka 2015 baada ya kutangazwa magazetini kuwa hupenda wa jinsia yake, akapewa hifadhi Marekani mwaka 2018. Huchukua gogo, akalichonga uso mrefu uliotulia, akaliunguza mpaka likawa jeusi, akalipaka nta, kisha akalisukia nywele za tyubu kuukuu za baiskeli. Na vinyago hivyo huvipa majina ya koo za Buganda, ili waliokanwa na jamaa zao wapate tena ukoo. Mwaka 2024 kazi zake zilionyeshwa katika Biennale ya Venice.

Hapa kwetu Burundi, Kanuni ya Adhabu ya Aprili 2009 iliyafanya mahusiano ya jinsia moja kuwa jinai ya kifungo cha hadi miaka miwili, ingawa Seneti ilikikataa kifungu hicho mwezi Februari. Na mwishoni mwa 2023 Rais Évariste Ndayishimiye alitamka hadharani kwamba watu wa mahusiano hayo wapelekwe uwanjani wapigwe mawe. Kijana wa Kamenge au Kinama mwenye kipaji kama cha Babirye, akisikia maneno hayo kwa redio, atachonga nini, na atamwonyesha nani? Kifungu hicho kifutwe, na Musée Vivant, makumbusho ya hapa Bujumbura ambayo tangu 1977 imetuhifadhia ngoma na rugo, yaani boma, la kale, impe kijana huyo nafasi ya kuweka vinyago vyake, pamoja na maelezo ya wazi kuhusu Kiranga na wanawake wake.