Kolostomia kwa Kila Majeruhi: Hoja Tatu Zisizosimama

Hoja mmeshaisikia: risasi ikitoboa utumbo mpana, daktari asishone, autoe utumbo nje ya tumbo, kinyesi kipitie hapo, yaani afanye kolostomia. Watetezi wake wanataka hata mwambao wa Ziwa Mweru nchini Zambia, wanakokimbilia majeruhi wa Kongo, uifuate bila swali. Tuzipime hoja zao, nanyi wasomaji muamue.

Kwanza, wanasema vita vimethibitisha. Ni kweli, mwaka 1943 Jeshi la Marekani liliagiza kolostomia kwa majeraha ya utumbo mpana. Ni kweli pia kwamba vifo, vilivyokaribia asilimia 60 katika Vita vya Kwanza vya Dunia, vilishuka hadi karibu 30 katika vya Pili. Lakini vita hivyo vya Pili vilikuwa pia na damu ya kuongezewa, dawa za salfa, penisilini na majeruhi kufikishwa mapema kwa daktari. Kazi ifanywe na watano, sifa apewe mmoja?

Pili, wanasema utafiti unaowapinga ni wa raia, si wa askari. Pingamizi halali. Mwaka 1979 madaktari wa upasuaji Stone na Fabian walilinganisha majeruhi raia 139 nchini Marekani, na walioshonwa papo hapo walipata matatizo machache zaidi. Waliopoteza damu nyingi, waliochelewa mno na walioharibika utumbo vibaya hawakuingizwa katika ulinganisho. Hao walifanyiwa kolostomia. Basi kipimo ni hali ya mgonjwa, sare haimo. Ajabu ni kwamba wanaokataa ushahidi kwa kuwa ni wa raia ndio hao hao wanaotaka agizo la jeshi litumike kwa mama aliyekimbia Pweto, Kongo.

Tatu, eti ni njia nyepesi, inafaa hospitali za pembezoni. Nyepesi siku ya kwanza tu. Mifuko isipopatikana, mgonjwa hujifunga matambara chini ya kitenge, na ngozi inayozunguka tundu huchubuka kwa kinyesi. Kisha unabaki upasuaji wa pili, wa kurudisha utumbo ndani. Siku hiyo ikifika, mkimbizi wa Mantapala, makazi yaliyofunguliwa wilayani Nchelenge mwaka 2018, huenda amesharudi kwao Kongo. Wanasema hospitali haimudu operesheni moja, kisha wanaibebesha mbili!

Kolostomia ibaki kwa aliyechelewa, aliyeishiwa damu au aliyesambaratika utumbo. Wengine washonwe. Na daktari atakayelazimika kuifanya aandike kwenye cheti, kabla mgonjwa hajaruhusiwa, itafungwa lini na wapi.