Hesabu ya Mabasi Ifanywe na Sisi Tukiwapo



Siku hizi wapangaji wa usafiri huipa kompyuta hesabu ya abiria, urefu wa njia, bei ya mafuta na mshahara wa dereva, nayo hujaribu mipango maelfu mpaka ipate ule wa gharama ndogo. Sisi hatuipingi mashini hiyo. Magari kumi yakikimbizana katika njia moja, na mtaa wa pili hauna hata moja, ni hasara kwa wote. Lakini twauliza: gharama hiyo ni ndogo kwa nani?

Tutazame Santiago, mji mkuu wa Chile. Tarehe 10 Februari 2007 njia za mabasi za mji ule zilibadilishwa kwa siku moja, kwa mpango wa hesabu za namna hii. Mabasi yakapunguzwa. Abiria aliyezoea basi moja akalazimika kupanda mawili au matatu. Katika karatasi mambo yalikuwa sawa, lakini barabara maalumu za mabasi, ambazo mpango ulizitegemea, zilikuwa hazijawa tayari. Wafanyakazi wakangoja vituoni, treni za chini ya ardhi zikafurika, na Rais Michelle Bachelet akawaomba wananchi radhi. Jema moja lilikuwamo: madereva waliokuwa wakilipwa kwa tikiti, wakigombania abiria barabarani, waliwekewa mshahara.

Hapa kwetu, mwaka 2017 Serikali iliunda mamlaka ya kupanga usafiri wa Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a. Hesabu zitafanywa, hapana shaka. Basi na ikumbukwe kwamba ramani ya njia za matatu iliyotolewa 2014 haikupatikana kwa kukaa ofisini. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi walipanda matatu, simu mkononi, wakaandika kituo kwa kituo, zaidi ya njia 130.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kompyuta haimjui mama atokaye zamu ya usiku, wala dereva anayedaiwa hesabu ya tajiri kila jioni, isipokuwa mtu ameiambia.

Kwa hiyo twataka mambo matatu. Wajumbe wa wafanyakazi wawe mezani kabla hesabu haijaanza. Saa za kungoja na maili za kutembea zihesabiwe kuwa gharama. Na dereva na kondakta wapewe mshahara wa mwezi, si kufukuzwa kazi kwa jina la akiba.

Ndugu, lipelekeni jambo hili katika mikutano ya matawi.